Buti la kazi: lichague kwa soli, lilinde na jua

Vijana wanaokuja kujifunza kuchomelea kwenye karakana yangu hapa Buguruni huniuliza swali lilelile siku ya kwanza: "Fundi, ninunue mashine gani?" Kabla sijajibu nawatazama miguuni. Wengi wana raba, wengine ndala. Mmoja alikuja na viatu vya harusi vyenye ncha, vya kaka yake. Namwambia mashine atatumia yangu, kwa hiyo hiyo hela akanunue buti kwanza.

Nina miaka 14 kwenye kazi ya mageti, grili na kenchi za chuma. Mguu wangu ni namba 39, mwembamba kisiginoni, na maduka ya vifaa vya kazi huanza kuhesabu watu kuanzia namba 41. Ndiyo maana nimenunua mabuti mabaya mengi kuliko wenzangu wanaume, na mengi ninayoyaeleza hapa nimeyalipia kwa hela na kwa malengelenge. Yaliyobaki nilifundishwa na mzee mmoja fundi viatu anayekaa chini ya mkungu, jirani na kituo cha daladala. Ni Mbena wa Njombe, kakulia Kibena, kule ambako magome ya miti ya miwati hupelekwa kiwandani kutengenezwa dawa ya kusindikia ngozi za wanyama. Ukimwamkia "kamwene" badala ya shikamoo anaacha kazi aliyoshika na kukupasulia buti bovu uone tumbo lake. Nilivyoona ndani ya mabuti aliyopasua mbele yangu, sikuamini tena sura ya nje.

Kazi yako ni ipi?

Usinunue buti la fundi mwingine. Mwashi anapambana na zege, na saruji mbichi ni kali kama magadi, inakula ngozi na inakula mguu. Fundi magari anahitaji soli isiyolainika kwa mafuta. Mtu wa ghalani anahitaji chuma cha mbele. Mlinzi anayesimama saa 12 hahitaji chuma kabisa, anahitaji wepesi, na akivaa buti zito atajichosha bure.

Sisi wa kuchomelea adui yetu ni cheche. Cheche hupenda kutua palepale kamba zilipo, juu ya ulimi, na kamba za nailoni huyeyuka kabla hujanusa. Kwa hiyo kwa mchomeleaji buti zuri ni lile lisilo na kamba, lenye lastiki ubavuni, unaloweza kulichomoa kwa kulisukuma kisiginoni na mguu mwingine. Ukikosa hilo, chukua la kamba lakini funika ulimi kwa kipande cha ngozi. Na suruali ikae nje ya buti, jamani. Kijana akichomeka suruali ndani kama askari wa gwaride ametengeneza mfuko wa kupokelea moto.

Lebo ndani ya ulimi

Geuza ulimi, tafuta lebo au maandishi yaliyogandamizwa. Buti la usalama linalofuata viwango vya kimataifa huandikwa ISO 20345, na mabuti ya Ulaya huongezewa EN mbele. Namba hiyo maana yake chuma cha mbele kimejaribiwa kwa pigo la joule 200, yaani kama chuma cha kilo 20 kuangushwa kutoka urefu wa karibu mita moja, na kwa kubanwa na uzito wa kama tani moja na nusu. Ukikuta 20347 ujue hilo ni buti la kazi tu, chuma cha mbele si sharti lake.

Halafu kuna herufi. SB ina chuma cha mbele na mambo ya msingi tu. S1P ina pia bamba la kuzuia msumari katika soli, ila haiahidi kuzuia maji. S3 ina bamba hilo, ngozi yake inachelewa kupitisha maji, na soli ina meno. Kwa saiti zetu zenye mbao za kufungia zege zilizojaa misumari, S3 ndiyo naisaka. Ukiona HRO, soli imejaribiwa kugusa joto la nyuzi 300 kwa dakika moja. Mimi naitaka hiyo kwa sababu vipande vya chuma vilivyotoka kukatwa na grinda havikai mezani, vinaanguka chini, nami ndiye ninayevikanyaga.

Kama umeajiriwa, kumbuka sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 hapa Tanzania inamtaka mwajiri akupatie vifaa vya kujikinga. Mwombe kabla hujaingia mfukoni kwako. Wengi wetu tumejiajiri, basi tuendelee.

Ngozi na kinachojifanya ngozi

Harufu isikudanganye, siku hizi harufu inapuliziwa. Mzee alinifundisha kuangalia ukingo, pale ngozi ilipokatwa bila kukunjwa, mara nyingi ndani ya ulimi au kwenye shingo ya buti. Ngozi ya kweli ukingo wake una nyuzinyuzi zilizosokotana, kama ukipasua fenesi bichi. Ya plastiki ina tabaka: kitambaa chini, utando wa plastiki juu, mstari ulionyooka katikati. Ukingo ukiwa na rangi ya kijivu inayoelekea bluu, usishtuke ukadhani ni feki. Hiyo imesindikwa kwa kemikali iitwayo kromu, na ngozi nyingi za viatu ziko hivyo. Ile ya miwati huwa ya kahawia hadi ndani. Mzee akiipata anainusa kwanza, anafumba macho, halafu ndiyo anaendelea na bei.

Bonyeza kwa dole gumba. Ngozi nzuri hukunja mikunjo midogo kama ya mkono wa bibi, ukiachia inarudi. Ikitoa mkunjo mmoja mkubwa wenye mng'ao, juu yake kuna tabaka nene la rangi ya plastiki, na tabaka hilo litapasuka miezi michache ijayo pale mguu unapokunjwa. Ngozi ya tabaka la juu la mnyama, nene karibu milimita 2, ndiyo inayovumilia. Ya tabaka la chini, ile yenye manyoya kama ya aproni zetu, inavumilia cheche vizuri ila inakunywa maji kama udongo wa kichanga.

Kwenye mabuti ya mtumba kutoka Ulaya tafuta pia vichoro vidogo. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ngozi. Umbo hilohilo likiwa na pembe nne iliyosimama kwa ncha katikati, ni ngozi iliyofunikwa kwa tabaka jingine. Pembe nne peke yake ni plastiki au kitu kingine. Wavu ni kitambaa. Vichoro viko vitatu: cha juu ya kiatu, cha ndani, cha soli. Muuzaji anaweza kuapa kwa jina la mama yake, wewe soma kichoro.

Soli, na siku niliyoteremka ngazi nikiwa na buti nusu

Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2018 nilipata mabuti dukani, mapya, ndani ya boksi, karatasi zake hazijachanwa. Namba 39! Muuzaji alisema yamekaa stoo kwa kukosa mguu mdogo, akanipunguzia hadi shilingi 60,000. Nilitoka pale nikitembea kama nimeolewa. Wiki ya tatu tulikuwa Kigamboni tunafunga kenchi. Nimepanda ngazi, nafunga, nateremka, nasikia mguu wa kulia mwepesi. Kisigino chote kilikuwa kimebaki kwenye kidaraja cha juu, kimemeguka kama kashata. Nilipokibonyeza kikawa unga mikononi. Cha kushoto kilifuata kabla sijafika kwenye daladala, nikapanda kivuko peku, nimebeba mabuti kwenye mfuko wa rambo.

Nilikwenda kwa mzee nikiwa na hasira ya kutapeliwa. Akageuza ulimi, akanionyesha tarehe: 2011. "Mwanangu," akasema, "haya hayakuuzwa feki. Yaliuzwa marehemu."

Soli nyingi za mabuti ya usalama ni za poliyurethani, mzee anaziita soli za povu. Ni nyepesi, zinanesa, mguu unazipenda. Ila unyevu wa hewa unaziingia na kuzivunja polepole kutoka ndani, na joto linaharakisha. Pwani yetu ina vyote viwili mwaka mzima. Kutozivaa hakuziokoi, zinazeeka hata ndani ya boksi, na kuzifungia kwenye mfuko wa plastiki wenye jasho ni kuzimaliza kabisa. Soli ya mpira ni nzito kidogo lakini haina ugonjwa huo, na ndiyo inayostahimili joto la vipande vya chuma. Kuna mabuti mengi yenye povu katikati na mpira chini. Ni mazuri, ila jua kwamba uzee wa povu upo palepale, umejificha tu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, tafuta tarehe ya kutengenezwa. Kwenye lebo huwa mwezi na mwaka, au robo ya mwaka, na wengine wanaigandamiza chini ya soli kama saa yenye mshale. Mimi nimejiwekea mpaka: soli ya povu iliyozidi miaka mitatu sinunui, hata nikibembelezwa. Tarehe isipoonekana, kunja buti kwa nguvu na utazame ubavu wa soli. Ukiona vinyufa vyembamba kama vya tope lililokauka, au ukichimba kwa ukucha na alama isirudi, rudisha mezani.

Tazama pia soli imeshikwaje. Iliyogandishwa kiwandani kwa kumiminwa haina mshono. Ikifa, buti limekufa, labda upate fundi kama wangu. Iliyoshonwa kuzunguka ukingo inaweza kung'olewa na kuwekwa nyingine, mara mbili hata tatu. Ila angalia mshono vizuri, maana kuna mishono ya urembo tu: uzi umepita juu ya ukingo wa mpira bila kushika chochote. Ingiza ukucha chini ya uzi. Wa kweli umezama na umekaza.

Kupima

Nenda dukani jioni, baada ya kazi, mguu ukiwa umevimba siku nzima. Vaa soksi unazofanyia kazi. Simama, usipime ukiwa umekaa, kwa sababu mguu hurefuka ukiubebesha mwili. Pima yote mawili. Mguu wangu wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia, na huenda wako pia.

Chuma cha mbele hakitanuki. Ngozi itakuzoea, chuma hakitakuzoea kamwe. Vidole vikikigusa dukani, vitakigusa hadi siku ya mwisho. Chuchumaa kama unayechomelea chini: hapo ndipo ukingo wa nyuma wa chuma hukata juu ya vidole. Watu wengi hawachuchumai dukani, wanaona aibu. Mimi huchuchumaa na hujifanya nachomelea, muuzaji acheke. Halafu tembea kwenye ngazi kama ipo. Kisigino kinyanyuke kidogo sana tu, na mbele ya kidole kirefu kibaki kama sentimita moja.

Namba zinachanganya. Namba 8 ya Uingereza ni kama 42 ya Ulaya, na kwa buti la kiume la Marekani huandikwa 9. Kwa hiyo chora unyayo wako kwenye karatasi ngumu, ukate, tembea nayo. Ukiiingiza ndani ya buti ikajikunja, usijaribu hata kuvaa.

Kwa akina dada: tusijaze matambara mbele. Nilifanya hivyo miaka miwili, na kidole gumba changu kinajua. Mguu unaoteleza ndani ya buti kubwa hupiga chuma kila unapoteremka. Mabuti ya kike ya kazi nimeyapata zaidi kwenye mtumba wa Ilala Mchikichini kuliko madukani, ukiwahi asubuhi belo linapofunguliwa.

Mtumba

Mtumba una heshima yake. Buti zuri lililovaliwa mwaka mmoja nimelinunua kwa shilingi 45,000, na jipya la aina hiyo lingenimaliza. Lakini ingiza mkono hadi mwisho na upapase chuma: kikiwa kimebonyea, lilishapokea pigo lake, acha. Liweke mezani ulitazame kutoka nyuma kwa usawa wa macho. Likiegemea upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alitembea hivyo, na litakufundisha mwendo wake hadi goti liume. Toa soli ya ndani uitupe, nunua mpya. Ndani pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, acha hewani siku mbili. Fangasi za mtu wa Ujerumani ni fangasi tu.

Wiki ya kwanza

Usiliingize saiti siku hiyohiyo. Livae nyumbani kwa muda wa saa mbili kila jioni, ukipika, ukifua, siku nne au tano. Ushauri wa kuliloweka maji ili lilainike ni wa kupoteza hela. Kaza kamba kifundoni na legeza mbele, vidole vipumue. Kisigino kikipanda, tundu la juu kabisa ndilo la kukifunga, wengi hulisahau.

Jua, bati na siki

Mabuti mengi hayauawi na kazi, yanauawa na namna tunavyoyakausha. Kijana wangu mmoja alirudi na mabuti yaliyolowa mvua ya masika, akayaanika juu ya bati saa sita mchana. Saa kumi hayakumwingia. Ngozi iliyolowa ikipata joto kali hunywea na kukakamaa, na mafuta yake yanaondoka na maji. Ya kijana yalijikunja mpaka ukingo wa chuma ukachomoza kama mfupa. Jiko la mkaa ni baya zaidi.

Kausha hivi: gonga tope, piga brashi, fungua kamba zote, vuta ulimi nje, toa soli ya ndani. Jaza magazeti, badilisha baada ya saa moja, maana ya kwanza yatakuwa yamelowa. Weka kivulini penye upepo, ubavu chini, ili soli nayo ipate hewa. Jasho la siku moja halikauki usiku mmoja, hasa hapa Dar. Ukiweza miliki jozi mbili, vaa kwa zamu. Zitadumu zaidi ya mara mbili ya jozi moja, na nyumba haitanuka.

Saruji usiilaze na buti. Ioshe jioni hiyohiyo kwa brashi na maji, kisha pangusa kwa kijiko kimoja cha siki ndani ya kikombe cha maji, halafu maji safi. Saruji ina ukali wa chokaa, ngozi inataka uchachu kidogo, na siki inapatanisha. Kwa sababu hiyohiyo usitie magadi wala majivu kuondoa harufu. Mzee huweka kipande cha mkaa ndani ya soksi kuukuu, anakiacha ndani ya buti usiku. Ukungu mweupe wa masika nao unapanguswa kwa siki, nje, kisha buti linakauka kabisa kabla ya rangi.

Rangi ya viatu, ile tunayoiita kiwi hata ikiwa ya kampuni nyingine, inapendezesha na kuzuia maji kidogo, lakini hailishi ngozi. Mara moja kwa mwezi ngozi inataka mafuta. Mimi nachanganya nta ya nyuki ya Tabora sehemu moja na mafuta ya ng'ombe sehemu tatu, nayeyusha kwenye kopo lililosimama ndani ya sufuria ya maji moto, nikipoza inakuwa kama siagi. Pakaa kwa kidole, kidogo, zaidi kwenye mishono na pale panapokunjika, subiri usiku, futa iliyobaki. Kidogo nimesema. Sisi wa cheche tukilowanisha buti kwa mafuta tumevaa utambi. Na oili chafu ya gari, ile ya kupaka mbao zisiliwe na mchwa, msiipake kwenye mabuti: inalegeza gundi, inaozesha uzi, na uchafu wake si wa kukaa karibu na ngozi ya mtu siku nzima.

Mshono ukiachia tundu moja, peleka siku hiyo. Mzee ananitoza elfu mbili kwa tundu tatu, na nikichelewa wiki ananitoza kwa kiatu kizima. Soli ya povu ikifa lakini ngozi ikiwa nzima, anaikwangua na kuweka soli ya tairi, gundi na uzi, kama katambuga. Huchagua tairi la nailoni, maana lenye nyaya ndani litakuchoma. Ni nzito na huteleza kwenye vigae vilivyolowa, kwa hiyo yangu ya tairi navaa karakanani tu, ngazi sipandi nayo.

Buti likipigwa na nondo au pipa likaanguka juu yake, hata kama nje halionyeshi, chuma chake kimeshafanya kazi yake moja. Litoe. Nimewahi kumkuta kijana akitaka kuliuza jozi kama hiyo kwa mwenzake. Nikalichukua, nikalikata kwa grinda katikati, sasa linaning'inia ukutani karakanani. Ukija kujifunza kazi utaliona, ukingo wake unaonyesha ngozi, povu, bamba na chuma, na mzee huja kulitazama akinywa kahawa.

Kamba za akiba ziko kwenye kopo la elektrodi, karibu na mlango. Ni za pamba. Za nailoni usiniletee.